Genge liwe mkono wa kulia: Stanage na watoto, mwishoni mwa Agosti

Swali: Naishi Sheffield, kwetu ni Tanga. Jumamosi ya mwisho ya Agosti tunataka kwenda Stanage Edge kwa treni kupitia Hathersage, mimi, mume wangu na watoto wa miaka 8 na 12, tukaone yale maua ya zambarau. Rafiki mmoja anasema ni matembezi ya kawaida tu, mwingine anasema kule kuna magenge na ukungu na watu huokolewa. Tupite wapi, tuchukue muda gani, tuvae nini (mimi navaa baibui na hijabu), na je, ardhi ile tunaruhusiwa kuikanyaga au ina mwenyewe?

Jibu: Wote wawili wamesema kweli, dada. Stanage ni njia rahisi ambayo hali ya hewa ikibadilika huwa ngumu ndani ya robo saa. Hakuna mahali mtakapohitaji kamba wala kupanda kwa mikono. Yanayoamua siku yenu itakwendaje ni mawili: saa mtakayofika juu, na genge litakuwa upande gani wenu.

Kwanza umbo la mahali. Stanage ni genge, yaani ukuta wa mwamba wa asili, wenye urefu wa kilometa zipatazo 6, kaskazini mwa kijiji cha Hathersage, mpakani mwa Derbyshire na Yorkshire. Ukuta umelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na uso wake unatazama kusini-magharibi, bondeni. Kilele chake kinaitwa High Neb, mita 458 juu ya usawa wa bahari. Ukuta wenyewe kwa sehemu kubwa hauzidi mita 20, ambazo zinatosha kabisa kuua mtu. Kama umewahi kusimama Irente kule Lushoto, usitarajie kimo kile. Lakini Irente unafika mahali pamoja, unatazama, unaondoka. Huku mtatembea sambamba na ukingo kwa saa nzima na zaidi, na mtoto wa miaka 8 hawezi kuwa makini saa nzima.

Nyuma ya ukingo, upande wa kaskazini-mashariki, ni nyika tambarare ya mboji nyeusi iliyofunikwa na hetha. Hiyo ndiyo yenye maua. Ni kichaka kigumu kinachofika magotini, chenye majani madogo kama magamba. Waliopanda Kilimanjaro wamekwisha kutana na ndugu zake, ile miti ya jamii ya erika unayoikuta msitu unapoisha, kwenye mita karibu 3,000; kule inamzidi mtu kimo. Hapa Uingereza, kwa vile tuko mbali mno na ikweta, mimea ya jamii hiyo inaota kwenye mita 400 tu, nayo ni mbilikimo.

Hetha ya kawaida huchanua kuanzia mwanzo wa Agosti hadi Septemba mapema, na huwa kwenye ubora wake katikati ya mwezi. Jumamosi ya mwisho mtaikuta bado, ila baadhi ya miteremko itakuwa imeanza kugeuka kahawia. Mkiweza kwenda wiki moja mapema zaidi, nendeni. Kuna hetha nyingine yenye vikengele vya zambarau iliyokolea, ambayo huanza tangu Juni kwenye sehemu kavu za mawe. Wengi huiona hiyo wakadhani nyika yote imeshachanua. Na mkiona eneo zima la rangi ya kutu wakati jirani yake lina maua, mara nyingi si moto wala ukame bali ni mbawakawa wa hetha amekula majani.

Sasa njia. Ninayoipendekeza ina kilometa 14 hadi 15 na kupanda kwa jumla ya mita 350 hadi 400. Mkishuka kituo cha Hathersage, pitieni kijijini mwende kaskazini hadi North Lees Hall, jumba la mawe la karne ya 16, kama kilometa 3 za mashamba na malango. Kutoka hapo mnapandisha hadi egesho la Hollin Bank, mnaingia kwenye msitu mdogo uitwao Stanage Plantation, na njia iliyotandikwa mawe inawatoa juu ya ukingo kwa mteremko wa wastani. Hii ndiyo sehemu ya kutoa jasho. Baada ya hapo miguu haina kazi kubwa.

Mkifika juu mna uamuzi mmoja wa kufanya. High Neb iko kushoto kwenu, kilometa karibu 2 kwenda na nyingine 2 kurudi. Hathersage, kwa njia ya mzunguko, iko kulia. Tazameni saa. Kama haijapita saa sita mchana, nendeni High Neb (wakati wa kwenda genge litakuwa kushoto, basi mtoto awe kulia kwa mtu mzima), mle chakula huko, mrudi. Kama imepita, iacheni. Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea: wamechelewa, wanaiona kwa mbali nguzo ya wapima ramani iliyo High Neb, wanasema ni hapo tu, na dakika 80 zilizoliwa pale zinakuja kudaiwa jioni watoto wakiwa hoi.

Kutoka hapo, iwe mmekwenda High Neb au hamkwenda, mnatembea kusini-mashariki na genge liko kuliani. Mtapita Pango la Robin Hood, mtaiona nguzo ya pili ya wapima ramani upande wa kusini, kisha mtateremka hadi daraja la Upper Burbage. Hapo geukeni kusini kwenye Higger Tor, kilima cha mawe cha mita 434, kisha mshuke magharibi kupitia mashamba kurudi Hathersage. Mkichoka kabla ya Higger Tor, ipo njia ya mkato: mnateremka kutoka mwisho wa kusini wa Stanage kuelekea mahali paitwapo Hook's Car na kufuata njia za mashambani moja kwa moja hadi kijijini. Mnaokoa karibu kilometa 3.

Kwa nini kusini-mashariki? Sababu ni tatu. Upepo wa kawaida wa nchi hii hutoka kusini-magharibi, hivyo unapiga uso wa genge, unapanda, na kuwasukuma nyikani, mbali na ukingo. Pili, kuanzia hapo mnajua muda wote kwamba hatari iko kulia, basi mtoto anatembea kushoto kwa mtu mzima, hakuna kubadilishana. Tatu, ukungu ukishuka hamhitaji kufikiri sana, maana ukingo wenyewe ni kama reli: uwe kulia, hatua kumi hadi kumi na tano kutoka kwenu, na dira isome karibu digrii 135. Tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani kwa Uingereza ya sasa ni ndogo mno, msijisumbue kuisahihisha. (Kwa mnaoswali njiani: Kibla kwa hapa ni karibu digrii 118, kwa hiyo mkiwa mmeelekea kusini-mashariki kando ya genge mnageuka kidogo tu kushoto. Tafuteni uwanda nyuma ya mwamba, upande wa nyika.)

Upepo ukitoka mashariki au kaskazini-mashariki, hesabu inageuka: unawasukuma kwenye ukingo. Siku hiyo ondokeni kwenye njia ya ukingoni, mtembee ndani zaidi. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza, Met Office, ina utabiri maalumu wa milimani unaohusu Peak District, eneo la vilima ambamo Stanage imo. Someni huo, si ule wa mjini Sheffield. Kitu cha kutazama ni vishindo vya upepo (gusts, yaani upepo wa ghafla) kuliko kasi ya wastani. Vikitajwa vya maili 40 kwa saa na zaidi, mimi nisingepeleka mtoto wa miaka 8 ukingoni, hata kama jua linawaka. Baridi nayo huletwa na upepo. Kwa kupanda mita 300 joto hupungua nyuzi 2 tu, lakini mtu aliyelowa akisimama upepeni anaanza kutetemeka ndani ya dakika kumi, hata mwezi wa Agosti.

Muda mnaukokotoa hivi. Kanuni ya Naismith, inayotumiwa na wapanda milima wa hapa tangu 1892, inatoa saa moja kwa kila kilometa 5 na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilometa 15 ni saa 3, mita 380 ni dakika 38: jumla saa 3 na dakika 38. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye afya asiyesimama. Kwa mtoto wa miaka 8 ongezeni nusu, mnapata kama saa 5 na nusu. Ongezeni saa moja na nusu ya kula, kupiga picha na kutafuta soksi iliyopotea. Ni saa 7. Treni kutoka Sheffield hadi Hathersage huchukua kama dakika 20. Mkianza kutembea saa tatu na nusu asubuhi mnarudi kituoni kwenye saa kumi na nusu jioni, na jua la mwisho wa Agosti huzama karibu na saa mbili usiku. Mna akiba ya kutosha. Mkianza saa sita mchana akiba hiyo imekwisha, na hapo ndipo kifundo cha mguu kilichoteguka kinageuka kuwa kazi ya waokoaji. Desemba jua huzama saa kumi kasoro dakika kumi. Njia hii yote na watoto msiifanye mwezi huo.

Treni ni uamuzi mzuri pia kwa sababu nyingine. Jumatatu ya mwisho ya Agosti ni sikukuu ya kitaifa Uingereza, na kwa kawaida wikiendi yake egesho la Hollin Bank hujaa mapema. Angalieni tu ratiba ya kurudi kabla ya kuondoka, maana treni za Hathersage hazipishani kwa dakika chache kama mabasi ya mjini.

Mawe yenyewe. Ni mchanga uliogeuka jiwe, wenye punje nene za kwatsi (aina ya madini magumu), uliolazwa na mto mkubwa miaka milioni 320 hivi iliyopita. Ukikauka unashika soli kama msasa. Ndiyo maana wapanda miamba wanaupenda. Ukilowa, hasa ulipoota ukoga wa kijani, unateleza kama sabuni. Mahali palipokanyagwa sana pamelainika hata kukiwa kukavu, na Pango la Robin Hood ni pamoja na hapo. Pango liko kwenye uso wa genge, chini kidogo ya ukingo, na kuliingia ni kushuka kwenye mawe yaliyosuguliwa huku bonde liko wazi pembeni. Siku kavu mtoto wa miaka 12 anaweza akitanguliwa na mtu mzima. Yule wa miaka 8 abaki juu. Atanuna, anune.

Jambo jingine la ukingoni ni nyufa. Mwamba umepasuka kwenye mistari inayokwenda sambamba na ukingo, na hetha huota juu ya pasuko mpaka usilione. Hivyo msikanyage hetha iliyo kati ya njia na ukingo. Pigeni picha kwenye jiwe tupu mnaloliona lote. Msidanganywe pia na mifereji inayoonekana kama ngazi za kushukia chini. Wapanda miamba huishuka kwa sababu wanaijua. Ninyi shukeni panapoonyeshwa na ramani.

Kutakuwa na wapanda miamba, wengi. Mkiona kamba imefungwa kwenye jiwe juu ya ukingo, rukeni bila kuigusa, kuna mtu ananing'inia upande wa pili. Na watoto waambiwe tangu nyumbani: hakuna kurusha jiwe, hata kokoto. Chini ya kila genge la Stanage chukulieni kwamba kuna kichwa cha mtu.

Mavazi. Viatu vya kupanda milima si lazima kwa Agosti kavu; raba zenye soli yenye meno zinatosha. Zilizokwisha soli ziacheni nyumbani. Msivae suruali za jinzi wala soksi za pamba, kwani pamba ikilowa inakaa na maji na kuvuta joto la mwili. Kwako wewe, dada, baibui refu litakuletea shida mbili: hetha inalinasa, na kwenye zile ngazi za mbao za kuvukia kuta za mashamba utalikanyaga pindo lako mwenyewe. Kinachofaa ni suruali pana ya kitambaa kinachokauka haraka, juu yake gauni la kufika magotini, na hijabu ya kitambaa cha michezo isiyohitaji pini nyingi. Kofia ya koti la mvua ipite juu ya hijabu. Ijaribu nyumbani, makoti mengine hayana nafasi hiyo. Kila mtu abebe koti la mvua na sweta moja la ziada, hata anga ikiwa bluu. Kanga moja ndani ya begi haipotei bure: ni busati, ni taulo, na mguu ukiteguka ni bendeji.

Maji, lita moja na nusu kwa mtu mzima na lita moja kwa mtoto. Huko juu hakuna duka. Vijito msivinywe, kondoo wako kila mahali. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai. Msichukue jiko la mkaa wala lile la kutupa. Hetha kavu inashika moto kama makuti, na mboji ikishika huungua chini kwa chini. Moto wa Saddleworth mwaka 2018, kaskazini-magharibi ya hapo, ulihitaji hadi wanajeshi. Mishikaki ichomwe nyumbani, iliwe baridi.

Ramani ya karatasi ni ile ya Ordnance Survey (idara ya ramani ya Uingereza) yenye namba OL1, ambayo sentimeta 4 ni kilometa moja. Programu ya ramani kwenye simu ni nzuri, mradi mmeipakua ramani kabla, kwa sababu mtandao unakatika katika baadhi ya sehemu za bonde.

Kuhusu ruhusa: ndiyo, mnaruhusiwa, na haikuja bure. Aprili 24, 1932 mamia ya wafanyakazi, wengi kutoka Manchester, waliingia kwa makusudi kwenye nyika ya Kinder Scout, iliyofungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na baadhi yao wakafungwa jela. Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 ikampa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu kwenye nyika za wazi. Eneo la Stanage na North Lees lenyewe ni mali ya mamlaka ya hifadhi. Kwenye ramani ya OL1, ardhi ya wazi imepakwa manjano hafifu; humo mnaweza kuacha njia. Nje ya manjano, yaani mashamba ya karibu na Hathersage, mnafuata mistari ya kijani ya vipande vipande na si vinginevyo. Lango mlilolikuta limefungwa lifungeni. Mlilolikuta wazi liacheni wazi, huenda mkulima amewafungulia kondoo maji. Ng'ombe wenye ndama wazungukeni kwa mbali, msipite kati ya mama na mtoto.

Haki ya kuacha njia si sababu ya kuiacha. Ndani ya hetha kuna mashimo, mizizi na kinamasi, na mwendo unapungua nusu. Njia ya mkato nyikani karibu kila mara ni ndefu kuliko ile iliyochorwa.

Watoto wakichoka wapeni kazi ya kutafuta mabakuli yaliyochongwa kwenye mawe juu ya ukingo, kila moja na namba yake. Yalichongwa ili ndege wa nyikani wa jamii ya kwale wapate maji ya mvua, wasipungue msimu wa kuwindwa. Chini ya genge kuna mawe ya kusagia yaliyochongwa, yakaachwa soko lilipokufa. Jiwe kama hilo ndilo nembo ya hifadhi.

Mtu akiumia: akae, avishwe nguo kavu, awekewe begi chini ya makalio, kwani ardhi huiba joto haraka kuliko hewa. Pigeni 999 au 112, ombeni polisi, kisha waambieni "mountain rescue", na msome kutoka kwenye ramani namba za mraba (grid reference) za mahali mlipo. Kama sauti haipiti, ujumbe mfupi unaweza kupita, lakini lazima simu iwe imesajiliwa kabla: leo hii tumeni neno "register" kwenda 999 na mfuate maelekezo. Bila simu, pigeni filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamazeni dakika moja, rudieni. Huduma ya waokoaji ni bure. Ni watu wa kujitolea.

La mwisho linafanyika bafuni. Hetha ina kupe, na baadhi yao hubeba ugonjwa wa Lyme, ambao ni maambukizi ya bakteria. Usiku huo wakagueni watoto nyuma ya magoti, kwapani, kwenye kinena na kwenye mstari wa nywele. Kupe ni mdogo kama mbegu ya ufuta. Mshikeni kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, mvuteni polepole moja kwa moja bila kuzungusha. Msimpake mafuta wala kumchoma. Andikeni tarehe. Upele wa ugonjwa huu kwa kawaida hutokea kati ya wiki 1 na 4, nao hutanuka siku hadi siku. Picha nyingi za upele huo ni za ngozi nyeupe, zikionyesha duara jekundu; kwenye ngozi yetu unaweza kuonekana kama alama ya kuvilia damu tu, au usionekane vizuri. Kwa hiyo doa lolote linalokua, au homa na uchovu usioelezeka wiki hizo, nenda kwa daktari wako na utaje wazi kwamba mtoto aling'atwa na kupe, siku gani, na kwamba mlikuwa kwenye nyika ya hetha.